Hadithi Iliyosomwa Kwenye Vichanja vya Dagaa

Sogea karibu, wewe unayesoma, maana leo nitasema polepole ingawa nimekasirika. Nimefundisha watu kusoma kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na kazi hiyo imenizoesha kueleza jambo mara ya pili na ya tatu bila kumcheka aliyeuliza. Hata leo sitamcheka mtu. Lakini usije ukadhani kwamba kwa kuwa nasema taratibu basi nimeridhika. Mwezi uliopita wanawake wa kanisa letu hapa Katubuka, Kigoma, waliniomba niwachagulie vitabu vya kuweka kwenye kabati lao jipya. "Vya kupumzikia, mama," waliniambia. "Siyo vya semina. Mtu ametoka sokoni, ameosha vyombo, miguu inamuuma, anataka kwenda mahali bila kuvaa viatu." Niliwaelewa vizuri sana. Nikaenda na mfuko wa vitabu ninavyovipenda kuliko vyote: hadithi za kale za Wakristo wa zamani, na hadithi za wafalme na mabinti na wanyama wanaosema. Tukiwa tunasubiri chai imiminwe, mwinjilisti wetu, kijana mwenye adabu, alivipekua kimoja kimoja, akanitazama kwa huruma. "Bibi," akasema, "hivi ni vya kukimbia maisha. Tungetafuta vya kumjenga mtu." Nikaichukua chai yangu, nikanywa. Ilikuwa tamu kupita kiasi, nikaimaliza hivyo hivyo. Nilipofika nyumbani Buzebazeba sikuweza hata kula, kwa sababu maneno hayo nilikuwa nimeyasikia kabla, karibu neno kwa neno, mwaka ule Wakongo walipovuka ziwa wakikimbia vita. Nilifikiri yalikufa pamoja na aliyeyasema.

Sitakuchosha kwa habari za baba na mama yangu, wala za kijiji nilichozaliwa. Inatosha kujua kwamba mwaka ule nilikuwa msichana mwenye sketi moja nzuri, na nilikuwa na ufunguo wa chumba cha kusomea cha kanisa, pale mlimani juu ya stesheni ya reli. Kilikuwa chumba chembamba chenye dirisha linaloangalia bandari. Asubuhi jua liliingia moja kwa moja likaangukia meza, na meza ikanuka vanishi hata miaka mingi baada ya kupakwa. Ukuta mmoja ulikuwa na ramani ya nchi takatifu iliyoliwa na mchwa upande wa bahari. Ukuta mwingine ulikuwa na rafu. Juu vilikaa vitabu vya nyimbo, maelezo ya maandiko, na vijitabu vya usafi wa choo. Chini kabisa, mahali mtu alipolazimika kupiga magoti, vilikaa vitabu vya hadithi. Vingi vilikuwa vimepoteza majalada, nasi tuliviita kwa majina tuliyoyajua. Naomba nikueleze baadhi, kwa sababu vya namna hiyo hiyo ndivyo nilivyopeleka Katubuka, na kama utapata kinachofanana navyo, usikiache.

Kulikuwa na hadithi ya mjane mtia rangi vitambaa katika mji wa bandari, zama za watawala wa Rumi, ambaye mikono yake ilikuwa ya bluu daima, hata askari walipokuja kumtafuta mtu aliyeficha Wakristo hawakuhitaji kuuliza jina. Mwandishi alikuonyesha mapipa ya rangi, harufu ya mkojo wa ng'ombe uliotumika kushikisha rangi, namna alivyokula mkate na zeituni akiwa amesimama. Ukikifunga kitabu unashangaa mikono yako si ya bluu. Kulikuwa na kingine cha msichana wa Manyema aliyevushwa ziwa letu hili hili akiwa amefungwa, enzi za misafara ya watumwa, akashushwa Ujiji, na maisha yake yote hadi alipopata kubatizwa na kuolewa na seremala mkali mwenye moyo laini. Hizo ni za kihistoria. Za kubuni tupu zilikuwa mbili. Moja ni ya mwana wa mfalme aliyegeuzwa korongo, na hawezi kurudi kuwa mtu mpaka asamehewe na mtu ambaye yeye mwenyewe alimdhulumu, naye korongo hana ulimi wa kuomba radhi. Nyingine ndiyo niliyoipenda kuliko zote, tuliyoiita Mji Usio na Lango. Katika mji huo msimamizi mwovu aliroga lango likatoweka ukutani, na watu wakasahau lilikuwa wapi. Wakasahau hata kwamba mfalme wao alikuwa nje. Isipokuwa binti mmoja mwoka mikate, ambaye kila alfajiri husikia mtu akibisha kwenye ukuta mtupu, naye hupitisha mkate kwenye tundu la maji. Kitabu kizima hakina hata mstari mmoja wa maandiko. Unapofika katikati, hata hivyo, unajua vizuri sana anayebisha ni nani.

Basi vita vikawaka ng'ambo, na watu wakaanza kufika. Kutoka dirishani niliona maboti yakija yamejaa hadi maji yakigusa ukingo, na watu wamesimama kwa sababu hapakuwa na pa kukaa. Kanisa letu likapewa kulaza akina mama wenye watoto wachanga wakati wakisubiri malori ya kuwapeleka kambini, upande wa Kasulu. Chumba changu kikawa chumba cha kulala. Tulisukuma meza ukutani, tukatandika mikeka, na vitabu vyote nikavipandisha juu ya kabati. Nje, chini ya bati, sufuria kubwa ilipika maharage kutwa nzima. Wakongo wale walikula kwa adabu, lakini niliwasikia wakisema wao kwa wao, wakikunja uso: "Hii maharage haina mawese. Ni chakula ya hospitali." Waliposikia kwamba sokoni Kigoma mawese yapo tele, wakacheka kwa mara ya kwanza. Mmoja aliuza kitenge chake cha pili akanunua chupa, na siku ile chumba changu kilinuka mawese na sombe, kisamvu cha kwao. Nakuambia hivi ili ujue kwamba hawakuwa watu wa kuhurumiwa tu. Walikuwa na midomo ya kuchagua kama mimi na wewe.

Mmoja wao hakuchagua chochote. Aliitwa Furaha, mtu wa Baraka, mji wa kule ng'ambo, umri wake kama wangu, na alikuwa na mtoto wa kike wa miezi michache. Alikuwa amevuka na boti la kwanza, mume wake akabaki kusaidia kupakia watu kwenye la pili, na la pili halikuonekana. Kila asubuhi Furaha alimfunga mtoto mgongoni, akashuka hadi ufukweni Kibirizi, akakaa mchangani akiangalia milima ya Kongo. Jioni tulimpandisha. Sahani yake ilirudi ilivyo. Maziwa yakaanza kukauka, na mtoto akawa analia kilio chembamba kama cha paka aliyefungiwa. Muuguzi aliyepita alituambia wazi mbele yetu sote: "Huyu mama asipokula, mtoto hafiki Kasulu." Wachungaji walimwombea. Mzee Elifasi, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya wageni, alimpa kijitabu kuhusu subira katika mateso. Furaha alikipokea kwa mikono miwili, akasema aksanti, akakikalia ili mchanga usimwunguze.

Kule Kibirizi ndiko alikokuwa Bi Mwajuma. Alikuwa mwanamke wa Ujiji, Mwislamu wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani, mnene, mwenye ushungi na mdomo usiopumzika. Alikuwa na vichanja virefu vya kuanikia dagaa, na aliwaajiri akina mama wa Kongo kugeuza dagaa na kufukuza kunguru, akiwalipa kwa dagaa wenyewe. Kazi hiyo ina mwendo wake. Wavuvi hurudi asubuhi na samaki waliovutwa kwa mwanga wa karabai; unawamwaga kwenye kichanja, unawatandaza, unasubiri. Jua likishawashika juu, unawageuza. Kisha unasubiri tena. Kwenye kule kusubiri ndiko mawazo huingia. Nilipomfuata Furaha siku moja na uji kwenye kopo, Bi Mwajuma aliniita.

"We Yustina, huyo mwenzio atageuka jiwe hapo. Huna la kumpa zaidi ya uji?"

"Amepewa kitabu, Bi Mwajuma."

"Nimekiona. Hata mimi ningekikalia. Wewe si una chumba kizima cha vitabu? Hakuna hata kimoja chenye mtu anayeolewa?"

Kesho yake nilishuka na Mji Usio na Lango. Nilikaa kwenye kreti kati ya vichanja viwili, nikaanza kusoma kwa sauti, nikidhani nawasomea akina mama wanaogeuza dagaa. Furaha alikuwa mbali, mgongo wake kwetu. Akina mama wale walikuwa na desturi ya kumjibu msimuliaji, kwa hiyo sikuweza kumaliza sentensi bila mtu kuingia kati.

"Ule musimamizi ni mubaya," mmoja alisema. "Niko namujua. Alikuwa chef wa kwetu, mukubwa wa kijiji."

"Na ule binti hana mama?"

"Mama yake alikufa," nikasema. "Anaishi na shangazi."

"Basi shangazi atamusumbua. Soma, dada, tuone."

Ilipofika wakati wa kugeuza, niliweka kidole kwenye ukurasa, tukageuza sote, harufu ya samaki ikatupanda puani, kisha nikaendelea. Siku ya pili Furaha alikuwa amekaa karibu zaidi, bado akiangalia ziwa. Siku iliyofuata alikuwa ameegemea mguu wa kichanja. Nilipofika pale binti alipopitisha mkate kwenye tundu la maji, na asubuhi akakuta mkate umechukuliwa na mahali pake pamewekwa ua bichi la porini, ingawa ndani ya mji hapakuwa na pori, nilisikia sauti nyuma yangu, yenye kukwaruza kwa kutotumika.

"Hii habari ni ya bongo?"

Kwao bongo ni uongo. Nikageuka. Nilitaka kumwambia ukweli bila kumfukuza. "Mji huo haupo," nikasema. "Ila anayebisha yupo."

Alifikiri. Akanyoosha mkono, akachukua dagaa kwenye kichanja, nusu kavu, mwenye ladha ya ziwa na jua, akatafuna. Bi Mwajuma alinitazama kwa jicho kali nisiseme neno. Furaha akachukua mwingine. "Soma," akasema.

Hivyo ndivyo alivyoanza kula. Alikula hadithi ikisomwa. Nikinyamaza, naye mkono unasimama. Bi Mwajuma alileta samaki wa kuchoma, migebuka, na ugali wa muhogo, akaviweka karibu naye kama mtu aliyesahau chakula chake pale, nami nikasoma hadi sauti ikakauka. Mtoto akaanza kunyonya kwa kelele. Sasa niambie, na ninakuuliza kwa upole: yule mwanamke alikuwa amekimbia maisha? Maisha yalikuwa yamemkalia kifuani hata asiweze kumeza. Alichohitaji ni mahali pa kwenda kwa saa moja, ambapo si ng'ambo wala si kambini, ili apate nafasi ya kumeza tonge. Wanaolala kwenye vitanda vyao wenyewe ndio wenye haraka ya kuwaagiza wengine wayatazame maisha usoni. Furaha alikuwa ameyatazama kutwa kucha. Hakuna mtu pale Kibirizi aliyeyatazama kama yeye.

Kilichotuharibia ni mvua. Wenyeji wanajua kwamba mwenye dagaa kwenye kichanja haachi kuangalia milima ya Kongo, kwa sababu wingu likianza kukaa pale, una muda mfupi tu wa kukunja mavuno yako. Siku ile tulifika mahali binti anapogusa ukuta kwa viganja, tofali kwa tofali, akitafuta penye joto. Hakuna aliyeangalia milima. Hata Bi Mwajuma, aliyezaliwa akiangalia milima ile, alikuwa ameshika shavu akiangalia mdomo wangu. Mvua ilitupiga kwa ghafla. Tulikimbia na maturubai, lakini vichanja viwili vililowa kabisa, na dagaa waliolowa wakiwa nusu kavu hawana dawa. Kesho yake walinuka hadi barabarani. Bi Mwajuma alipiga kelele kidogo, akatukana wingu, kisha akaniambia: "Sasa nimelipa kiingilio. Lazima nijue lango liko wapi." Lakini habari ilipanda mlimani kwa haraka, na Mzee Elifasi akashuka mwenyewe, amevaa koti kwenye jua lile.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Nipe hicho." Akakishika kitabu kwa ncha za vidole. "Watu wamefiwa, binti yangu. Wewe unawasomea habari za mikate inayogeuka maua, mpaka mali za watu zinaoza. Hivi ni vitabu vya kukimbia maisha. Wapewe vya kuwajenga."

"Dagaa ni wangu, mzee," Bi Mwajuma akasema. "Mimi sijalalamika."

"Wewe si wa kanisa letu, mama."

"Ndiyo. Na hadithi ni yenu. Basi mwenzangu nieleze wewe, lango liko wapi?"

Mzee Elifasi akageuka. Alipanda na kitabu. Na mwezi nao ukaingia. Siku za mbalamwezi karabai hazivuti samaki, wavuvi hukaa nyumbani wakishona nyavu, na vichanja hubaki vitupu. Akina mama hawakuwa na kazi wala hadithi. Furaha alirudi kukaa mchangani, na sahani yake ikaanza kurudi ilivyo. Wakati huo huo tukaambiwa kwamba malori yanakuja kesho kutwa. Nilijua barabara ya Kasulu ilivyokuwa mbovu, na nilimwona yule mtoto alivyodhoofika.

Kesho yake mchana nilikwenda kwenye ofisi ya kamati kukiomba kitabu. Walikuwa wakila, migebuka kwenye mawese yaliyotulia mekundu pembeni mwa sahani, na redio ilikuwa ikitangaza mpira. Walinisubirisha hadi kipindi cha kwanza kiishe. Sikuudhika kwa sababu ya mpira. Mtu aliyefanya kazi ana haki ya kupumzika. Niliudhika kwa sababu hakuna aliyekuwa akiwauliza mpira ule umewajenga wapi. Mzee Elifasi alinisikiliza hadi mwisho, nikueleze kwa haki, kisha akanawa mikono na kutoa sharti. Kitabu kilikuwa pale mezani, karibu na chumvi. "Mlete huyo mwanamke," akasema. "Aniambie amejifunza nini. Kama kuna somo, tutaona."

Nilimleta. Hakuja peke yake. Kwa kuwa zilikuwa siku za mwezi na hakuna aliyekuwa na dagaa wa kugeuza, waliokuwa vichanjani wote walipanda nyuma yetu, na Bi Mwajuma akiwa mbele anahema kwa mlima. Walijaa mlangoni hadi ofisi ikawa giza. Furaha alisimama mbele ya meza, mtoto mgongoni.

"Mama," Mzee Elifasi akasema, na sauti yake haikuwa mbaya, "katika hadithi hiyo umejifunza nini?"

Furaha alimtazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu kisichouzwa. "Sijajifunza kitu, mzee. Nilikuwa nasikia tu."

"Hakuna hata somo moja?"

"Nilikuwa kule," akasema. "Kule kwenye ukuta. Sikuwa hapa. Nikirudi hapa nilikuwa na njaa."

Mzee Elifasi alimgeukia mwenzake, akafungua viganja. "Umesikia? Hakuna alichojifunza."

Miaka mingi imepita, lakini hasira ya siku ile bado inanipanda, mbichi kabisa. Alikuwa ameambiwa mbele ya macho yake, na mwanamke mwenyewe, kwamba hadithi imemrudishia njaa, na yeye aliona kwamba mtihani umefeliwa. Na hakuwa mtu mbaya. Alitoa magodoro ya nyumba yake. Lakini alidhani moyo wa mtu ni darasa, na asiyejibu swali hakusoma. Mlangoni Bi Mwajuma alisema kwa sauti ya kusikika, "Nami mpira huo naomba nijue umetufundisha nini, maana timu yenyewe imefungwa," na Wakongo wakacheka. Kwenye kicheko kile nilinyoosha mkono, nikakichukua kitabu mezani.

"Yustina," Mzee Elifasi akasema, "ukitoka na hicho, hutaingia tena chumba cha kusomea."

Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu, kwenye kamba. Niliuvua, nikauweka pale kitabu kilipokuwa. Sikusema neno la kishujaa lolote. Nilisema, "Asante, mzee," kama nilivyofundishwa, na tukashuka.

Tulisoma jioni ile hadi mwanga ulipokwisha, na asubuhi iliyofuata, na hatukumaliza. Wengi walikuwa wanafunga mizigo, wengine wakiitwa majina. Malori yalipokuja, tulikuwa tumefika pale binti anapopata tofali lenye joto, na msimamizi anamwona. Nilimpandisha Furaha, nikampa mtoto, nikampa na fungu la dagaa wakavu Bi Mwajuma aliloficha kabla ya mvua, kisha nikampa kitabu. Alikuwa amesoma shule kwao, hakunihitaji mimi. Aliweka mgongo kwenye ubao wa lori, na jambo alilofanya hapo ndilo lililonifundisha kuhusu vitabu hivi kuliko walimu wangu wote. Hakufungua pale tulipoishia. Alifungua ukurasa wa mwisho kabisa. Akausoma midomo ikitembea, huku lori likiungurumishwa na watu wakimkanyaga miguu. Akakifunga, akapumua.

"Njo vile," akasema. "Inaisha muzuri. Sasa naweza kuanza pale tuliachia."

Akachukua dagaa, akaanza kutafuna, akafungua katikati. Wanawake waliokuwa karibu naye wakamwambia apaze sauti. Lori lilipokata kona ya stesheni nilimwona bado ameinamisha kichwa, na mkono unakwenda kwenye fungu la dagaa na kurudi mdomoni.

Mume wake sikupata kujua kama alivuka. Mtoto alifika, lori lilelile liliporudi nilimuuliza dereva, naye alisema yule mama msomaji amewachosha njia nzima na habari za ukuta, na mwanawe ananyonya kama ndama. Chumba cha kusomea kilipewa mtu mwingine, na rafu ya chini ikaondolewa. Bi Mwajuma alinipa kazi ya kugeuza dagaa hadi nilipopata nafasi ya ualimu, na kila siku alinidai mwisho wa ile hadithi, nami nilimpa, kila mara kwa undani zaidi, kwa sababu kitabu chenyewe hakikuwepo tena kunikosoa.

Kwa hiyo nikirudi kwa mwinjilisti wetu wa Katubuka, nitamweleza taratibu, kama nilivyokueleza wewe. Nitamwambia kwamba hadithi ya kihistoria humtoa mtu kwenye mwaka wake, na ile ya kubuni humtoa duniani kabisa, na kwamba Mkristo aliyechoka ana haki ya kutoka kama mtu yeyote, hasa kwa kuwa vitabu hivi humpeleka mahali ambapo wema haudhulumiwi mwishoni. Nitamwambia furaha ya mwisho unaoujua si uvivu. Ndiyo inayompa mtu nguvu ya kusoma katikati, penye hofu. Kama hatakubali, nitaviweka vitabu kabatini hata hivyo, rafu ya juu, mahali mtu hahitaji kupiga magoti.

Na wewe fanya hivi. Mtafute mtu mmoja unayemjua ambaye chakula hakimpiti kooni. Mchagulie hadithi ambayo wewe mwenyewe umeisoma hadi mwisho. Mkalie karibu mchana, akiwa na kazi mkononi, weka chakula mahali anapofikia, mwambie kabla hujaanza kwamba mwisho wake ni mzuri, kisha msomee ukurasa wa kwanza kwa sauti. Ukimaliza, usimuulize kitu. Geuza ukurasa.